Sumaku Ndiyo Inayoyapa Njia Mawimbi ya Jua

Kitovuni mwa jua joto linafikia nyuzi zipatazo milioni 15 za Selsiasi. Ukitoka hapo kuelekea nje linapungua hatua kwa hatua, na kwenye uso mng'avu tunaouona kila siku, uitwao fotosfia, limebaki nyuzi 5,500 hivi. Kilomita zipatazo 500 juu ya uso huo limeshuka tena hadi karibu 4,000. Mpaka hapo hakuna la ajabu, maana kadiri unavyojitenga na chanzo cha joto ndivyo unavyopoa. Ajabu inaanzia hapo. Ndani ya tabaka linalofuata, kromosfia, lenye unene wa kilomita zipatazo 2,000, joto linaacha kushuka na kuanza kupanda. Linapita nyuzi 10,000, kisha katika umbali mfupi sana linaruka hadi milioni moja na zaidi. Huko juu ndiko iliko korona, lile taji jeupe linaloonekana jua linapopatwa kabisa, kama walivyoliona kwa sekunde chache watu waliokusanyika Pakwach, kaskazini mwa Uganda, tarehe 3 Novemba 2013.

Ilichukua zaidi ya miaka 70 kwa wanasayansi kukubali kwamba taji hilo lina joto la kiasi hicho. Mwaka 1869, jua lilipopatwa nchini Marekani, Charles Young na William Harkness waliona katika mwanga wa korona mstari wa kijani usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Wapo waliodhani ni elementi mpya, wakaipa hata jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ndipo Bengt Edlén wa Sweden, akifuata dokezo la Mjerumani Walter Grotrian, alipoonyesha kwamba mwanga ule unatoka kwenye chuma cha kawaida kabisa, ila ni chuma ambacho kila atomu yake imenyang'anywa elektroni 13. Ili kuzing'oa elektroni zote hizo gesi lazima iwe na joto la zaidi ya nyuzi milioni moja. Tangu hapo swali limebaki mezani: nani anaipasha joto anga ya jua?

Jibu ninalolitetea hapa linahusu hasa sehemu ya chini ya anga hiyo, yaani fotosfia na kromosfia, na linapingana na desturi ya miaka mingi ya kuwapanga wataalamu katika kambi mbili, kambi ya mawimbi na kambi ya sumaku. Ushahidi uliokusanywa katika miongo ya karibuni unaonyesha kuwa mgawanyo huo ndio uliotuchelewesha. Mawimbi yenye nguvu zaidi ya jua hayawezi kupanda bila sumaku kuyapa njia. Na sumaku ya tabaka hizo za chini ni vigumu kuipima sawasawa bila kuyasikiliza mawimbi yanayopita ndani yake.

Tuanze na hesabu ya nishati, kwa sababu wengi hudhani ugumu uko hapo. Kila mita ya mraba ya uso wa jua inatoa wati zipatazo milioni 63 za mwanga na joto. Kromosfia, mahali ambapo jua limetulia, inapoteza wati kama 4,000 kwa kila mita ya mraba, na ili isipoe ni lazima ilipwe kiasi hichohicho. Korona juu ya maeneo hayo tulivu inahitaji wati 300 tu. Kwa maneno mengine, kromosfia inaomba sehemu moja tu kati ya 15,000 ya kile kinachopita chini yake, na korona inaomba pungufu zaidi. Nishati ipo tele. Kinachotafutwa ni njia ya kuipandisha, na mahali pa kuishushia mzigo.

Msomaji aliyesoma fizikia ya sekondari ana haki ya kusimama hapa na kupinga. Alifundishwa kwamba joto haliendi lenyewe kutoka kwenye ubaridi kwenda kwenye joto kali zaidi, sasa fotosfia ya nyuzi 5,500 itaipashaje korona ya milioni moja? Pingamizi hilo ni la kweli, na ndilo linalotulazimisha kufikiria mawimbi. Kinachopanda si joto, ni mwendo. Chini ya fotosfia gesi inachemka: mapovu ya gesi ya moto yenye upana wa kilomita 1,000 hivi yanapanda, yanapoa na kuzama tena, kila moja likiishi kwa dakika chache tu. Mtikisiko huo unafanya kazi, na kazi inaweza kusafirishwa mpaka mahali pengine na kugeuzwa kuwa joto huko. Mtu akisugua viganja vyake vinapata moto, ingawa mikono haikuwa na moto tangu mwanzo.

Hivyo ndivyo walivyowaza Ludwig Biermann mwaka 1946 na Martin Schwarzschild mwaka 1948. Walipendekeza kwamba mchemko huo unatoa mawimbi ya sauti yanayopanda angani. Wazo lao lina mantiki nzuri. Gesi ya jua inapungua uzito haraka kadiri unavyopanda, na wimbi linalobeba nishati ileile katika gesi nyepesi zaidi lazima liitikise gesi hiyo kwa nguvu zaidi. Mwisho mtikisiko unakuwa mkubwa mno, wimbi linajikunja na kuvunjika, na nishati yake inamwagika kuwa joto. Miaka zaidi ya kumi baadaye ushahidi ukaonekana kuwaunga mkono. Mwaka 1960 Robert Leighton, akitumia mnara wa darubini wa Mount Wilson huko California, aligundua kwamba uso wa jua unapanda na kushuka kila mahali, kwa mdundo wa dakika tano hivi. Jua zima linavuma kwa sauti isiyosikika masikioni mwetu.

Lakini mdundo huo wa dakika tano, ulio na nguvu kuliko midundo mingine yote ya jua, una kizuizi. Anga yenye kuvutwa na uzito wa jua hairuhusu kila wimbi kupanda. Wimbi lenye mdundo mfupi, chini ya dakika tatu na kidogo, linapita. Lenye mdundo mrefu zaidi ya hapo haliendi popote: gesi ya chini na gesi ya juu zinapanda pamoja na kushuka pamoja, na hakuna nishati inayosafiri. Kwa hiyo yale mawimbi mazito ya dakika tano yamefungiwa chini, na yanayoachwa kupita ni mafupi na dhaifu. Mwaka 1978 vipimo vya setilaiti ya OSO-8 vilionyesha kwamba mawimbi ya sauti yanayofika juu ya kromosfia ni machache mno kuweza kuilisha korona. Mwaka 2005 Astrid Fossum na Mats Carlsson wa Chuo Kikuu cha Oslo wakaenda mbali zaidi. Kwa kutumia picha za setilaiti ya TRACE walihesabu mawimbi ya mdundo mfupi, wakakuta kwamba hata kromosfia yenyewe hayaitoshi, na upungufu ni wa angalau mara kumi.

Kwa wengi huo ulikuwa msumari wa mwisho kwa kambi ya mawimbi. Mimi naona ulikuwa msumari kwa jambo moja tu: dhana kwamba anga ya jua ni gesi tupu, iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, isiyo na kitu kingine cha kuiongoza. Na anga ya jua haijawahi kuwa hivyo.

Kwamba jua lina sumaku tumejua tangu 1908, George Ellery Hale alipopima madoa ya jua hapohapo Mount Wilson. Pieter Zeeman wa Uholanzi alikuwa ameonyesha mwaka 1896 kwamba mistari ya rangi katika mwanga wa gesi hutanuka na kugawanyika gesi hiyo inapokuwa kati ya sumaku kali. Hale aliukuta mgawanyiko huo katika mwanga wa madoa, na ukubwa wake ukamwambia kwamba uga wa sumaku pale unafikia gausi kama 3,000, wakati ule wa dunia yetu hauzidi gausi moja. Lakini madoa ni sehemu ndogo ya habari. Uso wote wa jua, hata siku usipokuwa na doa hata moja, umegawanyika katika maeneo mapana ya kilomita 30,000 hivi, ambamo gesi inatiririka kutoka katikati kwenda pembeni. Mtiririko huo unaikokota sumaku na kuikusanya kwenye mipaka. Hapo uga unajibana katika mirija myembamba, mingi ikiwa na upana wa kilomita mia moja au mbili tu, yenye nguvu ya zaidi ya gausi 1,000. Kwenye fotosfia mirija hiyo inasimama wima, kwa sababu gesi nzito inayoizunguka inaibana. Juu zaidi gesi ni nyepesi, mbano unalegea, na sumaku inatanuka na kuinamia pande zote mpaka inafunika maeneo tulivu yaliyo katikati.

Kuinama huko ndiko kunakobadilisha kila kitu. Ndani ya uga wenye nguvu, gesi ya jua haiwezi kwenda itakako, kwa kuwa chembe zake zina chaji na zinalazimika kufuata mstari wa sumaku. Mstari ukiwa wima, gesi inapambana na uzito wote wa jua. Ukiinama, sehemu tu ya uzito huo ndiyo inayovuta kwa kufuata mstari. Uzito unaovuta ukipungua, na kizuizi kinalegea: mdundo mrefu zaidi unaruhusiwa kupita. Kwa hesabu ya nadharia, mstari ulioinama nyuzi zipatazo 50 kutoka wima unatosha kuyafungulia mawimbi ya dakika tano, yaleyale yenye nguvu yaliyokuwa yamefungiwa. Mwaka 2004 Bart De Pontieu na wenzake walitumia wazo hili kueleza spikuli, ile mikuki myembamba ya gesi inayochomoza kutoka kromosfia, kwa nini mingi inatoka na kurudi kwa mdundo wa dakika tano.

Wazo zuri bado ni wazo tu mpaka lipimwe, na kipimo kilichonishawishi kilifanyika mahali pasipotarajiwa: Ncha ya Kusini ya dunia, katika kiangazi cha huko cha 2002 hadi 2003. Kiangazi hicho jua halizami, kwa hiyo mtazamaji halazimiki kukatiza kazi usiku, na sehemu hiyo imeinuka karibu mita 2,800 juu ya bahari, ambako hewa ni nyembamba na kavu. Stuart Jefferies, Wolfgang Finsterle na wenzao walipeleka huko chombo kiitwacho MOTH. Moyo wake ni vichupa vya kioo, kimoja chenye mvuke wa sodiamu na kingine chenye mvuke wa potasiamu, vilivyopashwa moto na kuwekwa kati ya sumaku kali. Mvuke wa sodiamu unapitisha tu mwanga wa sodiamu, ile rangi ya njano inayotokea chumvi ikidondokea kwenye moto, na mvuke wa potasiamu unapitisha wa potasiamu. Katika jua mwanga wa potasiamu unatoka chini zaidi, na wa sodiamu unatoka kilomita mia kadhaa juu yake. Kwa hiyo chombo kimoja kilikuwa kinaziangalia tabaka mbili za anga ya jua kwa wakati uleule, na kwa kila nukta kinapima gesi inapanda au inashuka kwa kasi gani, kupitia mabadiliko madogo ya rangi.

Uzuri wa kipimo hicho uko katika swali lake moja rahisi: je, gesi ya juu inachelewa kidogo baada ya ile ya chini? Kama tabaka zote mbili zinapanda sekunde ileile, wimbi limefungwa na halisafiri. Kama la juu linafuata sekunde chache baadaye, wimbi linapanda, na kuchelewa kwenyewe kunakupa kasi yake. Katikati ya maeneo tulivu mdundo wa dakika tano haukuonyesha kusafiri, kama nadharia ya zamani ilivyotaka. Kwenye mipaka, pale sumaku inapokusanyika na kuinama, ulichelewa. Katika makala yao ya 2006 walipaita mahali hapo malango ya mawimbi, na walikadiria kwamba nishati inayopita humo ni sehemu kubwa ya ile ambayo kromosfia inaihitaji, kuzidi kwa mbali ile ya mawimbi mafupi waliyoyapima Fossum na Carlsson. Watafiti hao wa Oslo hawakukosea hesabu yao. Waliyahesabu mawimbi mafupi, na mzigo mkubwa ulikuwa umepita na mawimbi marefu, kwa njia ya pembeni.

Kuna pingamizi zito zaidi, na sitaki kulipita haraka. Kuliona wimbi linapanda si kuliona linapasha joto. Linaweza kugonga tabaka la juu likarudishwa chini, au likapita lote bila kuacha chochote. Njia ya haki ni kupima mtiririko katika kimo kimoja, kisha katika kimo cha juu yake, na kutazama kilichopotea njiani. Hapo tena sumaku inaingia. Katika tabaka la chini sauti inakwenda kasi kuliko mawimbi ya sumaku, na katika tabaka la juu mambo yanageuka. Mahali ambapo kasi hizo mbili zinalingana wimbi hubadilika aina: sauti huweza kuwa wimbi la sumaku na wimbi la sumaku likawa sauti, kwa kutegemea pembe ya uga. Mtafiti anayepima sauti peke yake ataona nishati imepungua na kusema imekuwa joto, kumbe imebadili aina tu na kuendelea na safari. Kinyume chake nacho kinatokea. Mwaka 2008 kundi lililoongozwa na Thomas Straus lilionyesha kwamba mawimbi ya uzito, ya polepole na yasiyofanana na sauti, yanabeba chini ya kromosfia nishati inayokaribiana na mahitaji yake, lakini yanazimika pale penye sumaku nyingi. Asiye na ramani ya sumaku hawezi kujua ni wimbi gani analihesabu, wala kwa nini linaonekana hapa na kupotea pale.

Hoja hii inafika wapi? Nadhani inaitosha kromosfia tulivu kwa sehemu kubwa. Kwenye korona napunguza madai. Hannes Alfvén alitabiri mwaka 1942 wimbi linalosafiri kwa kuitikisa mistari ya sumaku yenyewe, na mwaka 2007 setilaiti ya Hinode ya Japani ilionyesha spikuli zikiyumba ubavu kwa kasi ya kilomita 10 hadi 25 kwa sekunde, mtikisiko wenye nishati ya kutosha kuusukuma upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe unaotiririka kutoka korona. Wapo wanaobisha kwamba mtikisiko ule hauwi wimbi la Alfvén kwa maana yake kamili. Ubishi huo una maana kwa wanaotafuta namna nishati inavyotolewa, ila hauondoi ukweli kwamba nishati inapanda. Tatizo halisi ni maeneo ya madoa, ambako korona inadai wati zipatazo 10,000 kwa kila mita ya mraba. Hapo maelezo ya Eugene Parker, aliyoyatoa kwa ukamilifu mwaka 1988, yana nguvu kuliko ya mawimbi: mistari ya sumaku inasukwa na kuchanganyikana kwa mwendo wa gesi ya chini, mpaka inakatika na kuungana upya katika milipuko midogo isiyohesabika. Hata hivyo, msukaji katika maelezo ya Parker ndiye mtikisaji katika maelezo ya mawimbi. Miguu ya sumaku ikisogezwa polepole, uga una muda wa kujisuka. Ikitikiswa haraka kuliko wimbi linavyoweza kuvuka mstari mzima, uga unatoa mawimbi. Tofauti ya kambi hizo mbili ni tofauti ya mwendo wa kitu kimoja.

Kwa nini mtu asiye mtaalamu ajali yote haya? Korona yenye joto ndiyo inayotoa upepo wa jua, na milipuko ya sumaku yake ndiyo inayoleta dhoruba kama ile ya tarehe 10 na 11 Mei 2024, iliyovuruga matrekta yanayoongozwa kwa GPS mashambani Marekani wakati wa kupanda. Watu wa ukanda wa ikweta, sisi wa Afrika Mashariki tukiwemo, tunaishi chini ya sehemu ya anga ya dunia iliyo tayari na msukosuko wake baada ya jua kutua, unaozitatiza ishara za setilaiti na redio hata kabla dhoruba haijafika. Kutabiri dhoruba kunahitaji kujua sumaku ya korona ikoje, na sumaku hiyo haipimiki kirahisi. Kwa kawaida hupimwa kwenye fotosfia, kisha kompyuta hukisia inavyopanda. Makisio hayo yanachukulia kwamba sumaku ndiyo inayotawala gesi, jambo ambalo kwenye fotosfia si kweli na linaanza kuwa kweli ndani ya kromosfia. Mawimbi yanasaidia hapa kwa namna ambayo Biermann na Schwarzschild hawakuifikiria. Kwa kuwa kasi na kuchelewa kwa wimbi hubadilika linapoingia kwenye uga, Finsterle na wenzake waliweza mwaka 2004 kuchora kimo ambacho sumaku inaanza kutawala, kwa kusikiliza tu mawimbi yanavyochelewa. Uga uliokuwa unasumbua hesabu za mawimbi ukawa umepimwa na mawimbi hayohayo.

Vyombo vya kuikamilisha kazi hii sasa vipo. Darubini ya Daniel K. Inouye, yenye kioo cha mita 4 juu ya mlima Haleakalā huko Hawaii, ilitoa picha zake za kwanza Januari 2020, na ina uwezo wa kutofautisha vitu vya kilomita 30 hivi juu ya jua na kupima sumaku ndani ya kromosfia yenyewe. Kinachotakiwa ni kuchagua mpaka mmoja wenye sumaku iliyoinama, kuupima katika vimo vitatu au vinne kwa wakati mmoja, mwendo wa gesi na pembe ya uga pamoja, na kufuatilia mawimbi ya dakika tano kutoka chini hadi juu. Ikiwa mtiririko wao utapungua njiani kwa kiasi kinacholingana na mwanga unaotolewa na kromosfia pale, baada ya kuondoa yaliyogeuka kuwa mawimbi ya sumaku, hoja ya malango itakuwa imesimama. Ikiwa yatafika juu bila kupungua, au yatarudi chini yalivyopanda, basi kromosfia inalishwa na kitu kingine, na hapo itabidi turudi kwenye milipuko midogo ya Parker na kuitafuta chini zaidi kuliko alivyoiweka mwenyewe.